Ziwa Liko Likizo

Kinyozi wangu hapa Mpanda ana jarida moja tu la wateja kusoma wakingoja zamu. Jalada lilishachanika, na kwa kuwa limeandikwa Kiingereza, wengi huishia kutazama picha. Juni mwaka 2024 foleni ilikuwa ndefu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nami nikajikaza kuisoma makala nzima: mambo ya kufanya ukienda likizo pwani ya Ufaransa. Uogelee. Ulale mchangani uote jua. Ule samaki aliyevuliwa asubuhi ileile. Upande mashua pasipo safari. Utembelee kanisa la kale, ununue kitu cha kupeleka nyumbani. Nilitoka pale kichwa kimepungua nywele na kuongezeka mawazo.

Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inanipa siku 28 za likizo kila mwaka, na kwa miaka kumi na moja nimezitumia kuvuna mahindi ya shemeji, kupukuchua mahindi hayohayo, kukaa misibani na, mwaka mmoja, kuchimba choo. Wafaransa walipewa likizo yao yenye malipo kisheria mwaka 1936, wiki mbili tu, na hawakuuliza shemeji kalima wapi. Walidaka treni wakaenda baharini.

Treni hata sisi tunayo. Reli ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Lakini mtu wa Mpanda akiipanda kuifuata bahari, atapita Kaliua, atapita Tabora, atapita Dodoma na Morogoro, na atakapofika Dar es Salaam atakuta tajiri wake ameshaanza kumpigia simu. Pwani yetu iko upande wa pili, machweo. Ni Ziwa Tanganyika, na pa kwenda ni Karema.

"Tunakwenda ziwani," nikamtangazia mke wangu.

"Nani amefariki?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyefariki, tunakwenda kupumzika. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

Habari ikamfikia mama mkwe kabla jua halijazama. Yeye ni mzaliwa wa Karema, Mbende halisi, na mara ya mwisho kukanyaga kwao hata wajukuu hawajazaliwa. Asubuhi yake alikuwa mlangoni na kitenge kipya, mfuko wa mchele na ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko. "Ya dagaa," akasema. "Na migebuka itakaa juu."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Redio ilikuwa imetangaza kwa wiki nyingi, lakini mwezi ule redioni nilikuwa na shughuli moja tu, mashindano ya mpira ya Ulaya kule Ujerumani. Taarifa ya habari ikianza, nilikuwa nazima kulinda betri.

Tulikodi Noah ya jirani. Barabara ya kiangazi kutoka Mpanda kupitia Majalila haina mengi ya kusimulia, kwa sababu hatukuona kitu. Vumbi lilikuwa jekundu nje na jekundu ndani. Tulipoteremka Karema watoto wangu wawili walifanana na matofali mabichi. Ila ziwa, jamani! Linanyoosha kilomita 673 kutoka Burundi mpaka Zambia, na kina chake kinafika mita 1,470. Kati ya maziwa yote duniani ni Baikal pekee linalolipita kwa kina. Mama mkwe alisimama akaliangalia kama mtu anayemkagua ndugu aliyekopeshwa hela siku nyingi. Kisha akabeba ndoo yake, akashuka kwa wavuvi.

Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, safu nzima. Nyavu zimening'inizwa, kavu kabisa. Kijana mmoja alikuwa anacheza bao na mwenzake chini ya mwembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgebuka shilingi ngapi?"

Vijana wakatazamana. "Bibi, hakuna mgebuka. Hakuna dagaa. Hakuna kuhe. Ziwa liko likizo."

Kumbe nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana uvuvi upumzishwe ili samaki wazaliane. Kwetu ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei, na lingefunguliwa tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu! Nikapiga hesabu ya kikarani palepale: ziwa limepata siku zaidi ya tisini, tena halikujaza fomu, na mimi nina ishirini na nane zilizosainiwa kwa kununiwa.

Mama mkwe hakusema neno. Alifungua mfuniko wa ndoo, akachungulia ndani, akaufunga.

Nami sikukata tamaa, kwa sababu jarida lilikuwa na mengine. Kesho yake nikaamua kuanza na kuogelea, na nilikuwa nimejiandaa: kaptula ya mtumba, ya kijani, yenye minazi ya njano, nimeipata sokoni kwa shilingi elfu tatu. Jarida linaonyesha Wafaransa wakipishana ufukweni na vitambaa viwili vitatu, kila mtu na shughuli zake. Halionyeshi mkwe. Nilitokeza nyuma ya mtumbwi, kifua wazi, magoti nje, minazi ikipepea, na uso kwa uso nikakutana na mama mkwe anasuuza sufuria.

Wasomaji walioolewa na waliooa wanajua hilo ni shauri la kufikishwa kwa wazee. Mama mkwe hakupiga kelele. Aligeuza uso akatazama upande wa Kongo, ambako asubuhi ile kwa ukungu hapakuonekana kilima wala mti, na akakaa akiitazama Kongo hiyo isiyoonekana karibu robo saa. Mimi nilikuwa na njia mbili, kupita mbele yake nirudi nyumbani au kuingia majini. Nikaingia majini. Nikakaa humo, maji yakinifika kidevuni, huku mke wangu akinisomea kutoka nchi kavu orodha ya kichocho, mamba na viboko kama mtu anayetaja majina ya wageni waalikwa. Niliogelea baadaye, na suruali ndefu ya kazini, mkanda ukiwa umefungwa.

Suruali ikaleta haja ya kuota jua. Nikajilaza mchangani, mikono pembeni, macho nimefumba, kama nilivyoona kwenye picha ya Nice. (Kule Nice, kwa taarifa yenu, ufuko ni wa kokoto. Watu wanapanda ndege kwenda kulala juu ya kokoto, nami dukani kwetu ninaziuza kwa tripu.) Haikupita dakika kumi nikasikia fimbo inagusa mguu wangu.

"Kijana, unaumwa?"

"Hapana, mzee. Shikamoo. Naota jua."

"Marahaba. Saa sita hii? Ulikuwa unahisi baridi?"

Nikashindwa kueleza. Mzee akanionea huruma, akaita mama mmoja aje anitazame, na mama yule alipofika hakuuliza afya yangu. Alisema pale nilipolala ndipo anapoanika dagaa zake, miaka yote, na kila mtu Karema anajua. Hakunifukuza, ila alitaka iwe wazi. Ni kweli mchanga ule ulikuwa na harufu, na nadhani harufu hiyo ilinihamia, maana walipoondoka walikuja kunguru. Wakaanza kwa mbali, watatu, wakinitazama kwa jicho la upande. Walikuwa na wiki sita hawajaona kitu kimeanikwa pale. Mmoja akanijaribu kwenye kidole gumba cha mguu.

Chakula cha mchana kilikuwa maharage. Cha usiku wali na samaki. Msishangae, mwenye duka alikuwa na samaki wa kopo, na binti yangu aliligeuza kopo lile kwenye mwanga wa koroboi akasoma kwamba wametoka Morocco. Yaani samaki wametoka kule jirani na Ulaya, wakazunguka dunia, wakaja kuliwa ukingoni mwa Tanganyika na mtu aliyetoka Mpanda kuja kutafuta samaki. Mama mkwe alionja kipande kimoja. "Huyu," akasema, "hajawahi kuniona wala mimi sijawahi kumwona." Akarudi kwenye maharage.

Kanisa la kale, hilo halikutuangusha. Pale Karema Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 chini ya kapteni aitwaye Cambier, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Mfaransa, Kardinali Lavigerie. Niliwaeleza watoto kwa sauti ya mwongoza watalii. Wabelgiji wale walijenga karibu na maji, lakini miaka hiyohiyo mto Lukuga ulikuwa umefunguka kule ng'ambo na kuanza kulikamua ziwa, ufuko ukawakimbia wakabaki nchi kavu na ngome yao. Nilijisikia nafuu kusikia si mimi wa kwanza kuangushwa na pwani hii.

Na Léopold Joubert je? Mwanajeshi Mfaransa, mzaliwa wa upande wa Nantes. Aliiacha Ufaransa na pwani yake akaja Tanganyika kuwalinda watu dhidi ya wawinda watumwa, akaoa huku, na mwaka 1927 akafia huku, ng'ambo ya Kongo. Nilimwonyesha mke wangu kwamba hata wenye pwani yao wamewahi kuichagua yetu. Akaniuliza kama alikuja kwa siku 28.

Mama mkwe alichangamka tulipofika kwa Atiman. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomea uganga kisiwani Malta, na kuanzia mwaka 1889 aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Mama mkwe anasema mama yake alitibiwa naye, na kwamba daktari wa namna ile asingeruhusu mtu mzima alale juani mchana. Alisema hivyo akiitazama Kongo.

Ikabaki mashua. Niliipata yenye injini, inapakia mahindi.

"Nataka kupanda," nikamwambia nahodha.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nizunguke kidogo nirudi."

"Umesahau kitu?"

"Hapana. Ni matembezi tu."

Alinitazama kwa muda, akachukua nauli ya Ikola, akaniketisha kati ya magunia na mbuzi. Kiangazi ni msimu wa upepo wa kusini, na upepo ule ulitusukuma kaskazini vizuri sana. Nilifurahi, nikapiga picha, mbuzi akala ukurasa wa jarida niliouchana kwa kinyozi. Ikola nikasema, haya, turudi. Nahodha akaniuliza kama sioni mawimbi. Huko tulikotoka ndiko upepo unakotoka. Yeye hageuzi hadi kesho au kesho kutwa. Nilirudi Karema usiku kwa bodaboda, nikiwa na suruali ileile, imekauka na chumvi ya jasho.

Siku ya kuondoka mama mkwe akatokea na ndoo yake, na safari hii aliibeba kwa shida. Imejaa. Ziwa likiwa likizo, michikichi haiko. Aliwakuta akina mama aliocheza nao utotoni, wakamjazia mawese. Nikaambiwa niipakate, kwa kuwa mfuniko haubani sawasawa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, la kurudi nalo mjini. Sitaki kurefusha maneno kuhusu lile shimo la kabla ya Majalila.

Tulifika Mpanda jioni, mtaa mzima uko nje. Nikateremka rangi ya chungwa kuanzia shingoni hadi vidoleni, nang'aa, vumbi limenishika juu ya mafuta kama unga kwenye andazi. Jirani mwenye Noah akanizunguka mara mbili, halafu akachungulia kiti cha gari lake, halafu akanirudia mimi.

"Karani, kweli ulikuwa likizo. Hata rangi umebadilika. Migebuka yetu iko wapi?"

"Njoo tarehe 15 Agosti," nikamwambia, nikaingia ndani kutafuta sabuni.