Masizi ya Breki na Kanga ya Bi Mkubwa

Gari letu likikanyagwa breki kwenye taa za Buguruni, wauza maji hugeuka wote. Ni IST, haina ubaya mwingine ila huo mlio mwembamba, mkali, unaotufuata mpaka mlangoni Malapa. Mwenzangu mwenye familia kubwa utanielewa: gari likiharibika kwetu, kila aliyeko sebuleni ana ugonjwa wake wa kulitajia.

Mama Zuhura wa humu ndani alisema ni masika. Hapo hakukosea sana. Diski ya breki ni chuma. Ikilala kwenye unyevu hushika kutu nyepesi, asubuhi ikalia kidogo, pedi zikishaikwangua inanyamaza. Lakini yetu ililia hadi alasiri, lami imekauka kabisa. Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, akasema gari halijasomewa dua tangu linunuliwe. Kwa Bi Mkubwa hakuna rufaa. Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa, tende zikaliwa. Gari likaendelea kulia.

Akaja shemeji yangu, Injinia. Cheo hicho tulimpa siku alipofufua pasi, na tangu hapo hatulali. Alibeba kopo la grisi. "Shemeji, naipaka diski, kelele utaisahau." Nilikuja juu kweli. Grisi kwenye diski hunyamazisha mlio pamoja na breki yenyewe, na Barabara ya Mandela imejaa malori ya makontena ya bandarini. Injinia alinuna mpaka wali ulipoiva.

Balaa lenyewe lililetwa na kitinda mimba wetu, Bwana Afya, asiyeweza kuona uchafu akaupita. Jumamosi aliamua kusugua rimu, na kitambaa alichokipenda ni kanga ya Idi ya Bi Mkubwa, mpya, bado inanuka duka. Ikatoka nyeusi tii. Masizi yale si vumbi la mtaani. Ni unga wa pedi uliochanganyika na chuma cha diski na kupikwa na joto la msuguano. Hunata, na chembe zake za chuma hushika kutu ndani ya uzi. Mama Zuhura akatia jiki, ambayo huzidisha kutu.

Kesi ilisikilizwa uani, Bi Mkubwa akiwa mlalamikaji na hakimu. Mtoto akajitetea: "Bibi, tairi la kushoto ndilo lenye masizi mengi, la kulia hata halikuchafua."

Nikaacha kesi. Tairi za mbele kuchafuka kuliko za nyuma ni kawaida, kwani gari likisimama uzito husukumwa mbele na breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa. Ila kushoto na kulia zilingane. Upande mmoja ukizidi sana, huenda pedi zake haziachii diski.

Fundi wa gereji bubu karibu na reli alifungua tairi. Pini za kalipa inayobana pedi zimekauka, pedi ya ndani imebaki kama milimita mbili, na pembeni yake kijibati kilichopinda kinaikwaruza diski. Kijibati hicho huwekwa na watengenezaji kwa makusudi, kipige kelele kabla pedi haijaisha na chuma kuanza kula diski. Fundi akataka kupuliza vumbi kwa kompresa. Nikamsihi afute kwa kitambaa chenye maji. Pedi za zamani zilitiwa asibesto, inayoleta saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, na pedi ya dukani haikuambii ilikotoka.

Nikaenda Gerezani kununua pedi. Pedi hununuliwa za tairi zote mbili, kama kanga inavyonunuliwa doti. Ukibadili upande mmoja, gari huenda likavuta upande ukikanyaga breki. Kutoka hapo nikapita Mtaa wa Uhuru kwa doti yenyewe, maana hukumu ilishatoka.

Injinia sasa anawasimulia majirani kwamba kalipa aliitilia shaka mapema. Mwacheni. Wewe gari lako likilia jua likiwa kali, lisubiri lipoe, kisha ufute rimu za mbele, kushoto na kulia, ulinganishe masizi. Kitambaa chagua mwenyewe, usimwachie mtoto.