Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: naomba andalio la somo la Jehanamu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Barabara ya Harambee,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: OMBI LA ANDALIO LA SOMO, KIPINDI CHA PPI, GREDI YA PILI

Shikamoo. Kwa umri nadhani wewe ndiye ungetangulia kuniamkia, lakini kwa cheo natangulia mimi, na sina kinyongo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Najua una mambo mazito: fedha za shule zinazochelewa, walimu wanaodai haki zao, madarasa ambayo watoto wamejaa hadi dirishani. Nisamehe kukuongezea hili dogo.

Mjukuu wangu yuko Gredi ya Pili katika shule ambayo, kwa adabu, sitaitaja. Kila Ijumaa asubuhi wana kipindi cha PPI, yaani mafundisho ya dini. Waislamu huenda na ustadhi chini ya mwarobaini, Wakristo hubaki darasani na mhubiri anayetoka nje. Ni utaratibu mzuri na sina neno nao. Majuzi somo lilikuwa Msamaria Mwema. Somo hilo nimelifundisha mpaka nikalikariri, pamoja na yule punda. Sijui mhubiri alikata kona wapi, lakini safari iliyoanzia njia ya Yeriko ikaishia Sodoma.

Mtoto alirudi na daftari. Humo amechora wanaume wawili wameshikana mikono, nywele zimewashuka mabegani, wanatabasamu (bado hajajifunza kuchora mdomo wa namna nyingine), na moto umewafikia kifuani. Krayoni nyekundu ilimwishia, akamalizia ndimi za juu kwa rangi ya waridi. Chini yake, kwa mkono wa mtu mzima, pana alama ya vyema, nyota mbili na neno "Hongera".

Akaniuliza, "Bibi, wale wa motoni hupewa mapumziko?"

Nikamwambia nitawauliza wakubwa. Ndiyo sababu ya barua hii.

Enzi zetu, Mheshimiwa, hukuthubutu kusimama mbele ya watoto bila azimio la kazi na andalio la somo. Mkaguzi akiingia akakukuta mikono mitupu, ulikuwa unatafuta uhamisho mwenyewe. Naomba basi, kwa unyenyekevu mkubwa, Wizara ituandalie somo hili rasmi, ili wahubiri wasiendelee kuhangaika kwa kubahatisha. Mimi nimejaribu kuanza, kwa kufuata mtindo wa mtaala wa sasa. Mada: Jehanamu. Mada ndogo: Wakaazi wake. Matokeo maalum yanayotarajiwa: kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kumtambua mtu wa aina hiyo, kumcheka, na kumkimbia. Swali dadisi: Je, utamjuaje? Hapo kwenye swali dadisi kalamu ilinigomea, maana mwanafunzi wa miaka saba atamjua kwa lipi? Kwa nywele, kwa sauti, kwa mwendo. Nikaruka nikaenda kwenye maadili. Mtaala unataka mwalimu ataje angalau adili moja litakalokuzwa: upendo, heshima, amani, umoja, haki ya kijamii na mengine. Nimeacha nafasi wazi. Naamini wataalamu wa mitaala wa KICD wataijaza vizuri kuliko mimi.

Tathmini ndiyo iliyokuwa rahisi, kwa sababu watoto wameshaifanya wenyewe. Kuna mvulana mmoja wa Gredi ya Tatu pale, miaka minane. Anacheza kati na wasichana, na anacheza vizuri sana. Mpira unarushwa yeye anajikunja kama samaki, hauguswi mwili wake. Habari za mapenzi ya aina yoyote hana. Anapenda kati na mabuyu. Baada ya somo la Ijumaa ile, wavulana walipata jina la kumwita, na wimbo. Kwa vigezo vyenu nadhani itakuwa hivi: mwanafunzi anayemwita mwenzake jina hilo kwa kunong'ona anakaribia matarajio. Anayeliita kwa sauti mbele ya paredi amefikia matarajio. Siku hizi kengele ya mapumziko ikilia, yule mvulana huomba abaki ndani afute ubao. Walimu wanamsifu kwa bidii yake. Hao waliomfikisha hapo, Mheshimiwa, sina budi kuwapa kuzidisha matarajio.

Nijuavyo mimi, hofu ya Wizara ni kwamba watoto wetu watafundishwa ushoga, na hofu hiyo haikuanza na wewe. Mwishoni mwa 2021 mtangulizi wako, marehemu Profesa George Magoha, alisema wanafunzi mashoga na wasagaji wasome shule za kutwa karibu na kwao. Sisi wa shule za kutwa tulishukuru kwa kukumbukwa. Kisha tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Upeo, majaji 3 kwa 2, ikaamua kwamba shirika la kutetea haki za watu hao haliwezi kunyimwa usajili. Uamuzi ule ulihusu watu wazima, fomu, na jina la shirika. Lakini mwezi uliofuata Waziri wa wakati huo, Mheshimiwa Ezekiel Machogu, akatangaza kwamba serikali imeunda kamati ya viongozi wa dini chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, ili ushoga usipenye shuleni.

Mimi ni Mwanglikana na Askofu Mkuu ni mchungaji wangu, kwa hiyo niliipokea habari ile kwa heshima zote. Nilivyoelewa, kuzuia maana yake ni kwamba watoto wadogo wasiletewe mambo haya kabla ya wakati wao. Sasa mjukuu wangu hakuyapata kwa shirika lolote, wala kwenye filamu, wala kwa Mzungu. Tangu azaliwe aliishi bila kujua kwamba jambo hilo lipo duniani. Alilijua Ijumaa asubuhi, amevaa sare, kutoka kwa mtu aliyefungua kipindi kwa sala. Kama kuna aliyeingiza ushoga katika darasa lile, Mheshimiwa, kwa taadhima kubwa, ni huyo.

Naye hana kosa la utaratibu, maana utaratibu wenyewe sijauona. Mwalimu wa hesabu hawezi kufundisha kutoa na kujumlisha bila nambari ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mwaka 2001 mlituambia tuweke kiboko chini, tukakiweka (wengine walikiweka chini ya kabati, hao nawaachia wakaguzi). Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikaongeza kwamba mwanafunzi asitendewe ukatili wala kudhalilishwa, iwe kwa mwili au kwa saikolojia. Mimi nikimtishia mtoto kwa fimbo ya mwarobaini naweza kufutwa kwenye sajili. Mhubiri anamtishia kwa moto usiozimika, na akimaliza anapelekwa ofisini akanywe soda.

Aprili 2023, mwezi mmoja tu baada ya tangazo la kamati, makaburi yakaanza kufukuliwa Shakahola, hapa kwetu Pwani, kaunti ya Kilifi. Miili ilipita 400. Paul Mackenzie ameshtakiwa, pamoja na mengine, kwa mauaji ya watoto 191. Amekana, na hilo tunaiachia mahakama. Lakini mahubiri yake hayakuwa siri. Alikuwa akisema wazi kwamba elimu ya shule ni ovu, na mojawapo ya sababu alizozitoa ni kwamba shule zinaeneza ushoga kupitia elimu ya jinsia. Sisemi mhubiri wa mjukuu wangu ni wa namna hiyo, Mungu apishe mbali. Ni kijana mpole, anapiga gitaa, na viatu vyake vinang'aa kuliko vya mwalimu mkuu. Nasema tu kwamba pale getini hakuulizwa swali lolote ambalo Mackenzie asingeweza kulijibu.

Nikisema hivi baadhi ya jamaa zangu wa kanisani huniambia, "Mama, ni maneno tu, watoto watasahau." Huwaomba wapande matatu hadi Mtwapa, si mbali na kwangu. Februari 2010 uvumi ulienea pale kwamba wanaume wawili watafunga ndoa. Viongozi wa dini, wa Kiislamu na wa Kikristo, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya sauti ya spika, siku hiyo waliafikiana. Umati ukakizingira kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikihudumia watu kuhusu Ukimwi, watu wakapigwa, na polisi wakawachukua baadhi yao ili wasiuawe. Harusi yenyewe haikuwapo. Nimefikiria mara nyingi juu ya wale vijana wa umati ule. Hawakuletwa na meli. Walikaa kwenye madawati yetu, wakaimba nyimbo zetu, na pengine mmoja wao nilimfunga kamba za viatu mimi.

Na upande wa pili wa madawati yale yale walikaa waliokuja kukimbizwa. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani ni mwanamume anayeishi na mwanamume mwenzake, sitasema wapi. Nilimfundisha silabi. Leo hunipigia kila Krismasi kabla ya watoto wangu wa kuzaa, na stima ikikatika hunitumia tokeni bila kuombwa. Ningependa andalio la Wizara liniongoze nizipokee tokeni hizo kwa moyo gani.

Kuna watakaosoma barua hii na kusema huyu mama amenunuliwa, anataka watoto wafundishwe mambo ya wazungu. Kwa heshima zao: la. Watu wazima washike wanachokiamini, na kasisi awahubirie watu wazima atakavyo. Katiba inamlinda, na mimi mwenyewe nitakuwa nimekaa safu ya tatu kama kawaida. Mtu mzima akichoshwa na mahubiri hutoka nje kupokea simu. Mtoto wa Gredi ya Pili hana simu, na akitoka anaandikwa mtoro. Tena kwa kanisa letu la Kianglikana jambo hili halihitaji hata mjadala mpya. Azimio la Lambeth la 1998, lile ambalo maaskofu wetu hulitetea kwa nguvu kwa kuwa linasema mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, linatuagiza pia tuwahudumie watu hao kwa upole, na tulaani hofu isiyo na sababu dhidi yao. Aya ni hiyo hiyo. Sijapata kuisikia nusu ya pili ikisomwa kwenye PPI, lakini huenda kipindi huisha kabla hawajaifikia. Dakika 30 ni chache.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nikiwa nimeinamisha kichwa, naomba haya tu. Orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia madarasani kwa jina la PPI ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, na nambari ya mtu wa kupigiwa simu. Andalio la kila kipindi lisainiwe na mwalimu mkuu kabla, si baada. Na ile kamati ya 2023, kama ingali inakutana, impelekee mhubiri wetu barua fupi ya kumkumbusha kwamba Msamaria Mwema huishia kwenye nyumba ya wageni, majeruhi amelipiwa gharama, na mwenye nyumba ameahidiwa zaidi.

Kama hilo la tatu ni gumu, hata mawili yatatosha. Majibu yanaweza kuachwa kwa mwalimu mkuu. Mimi hupita pale kila siku saa sita na nusu kumchukua mtoto, na nitakaa kwenye benchi la wazazi bila kumsumbua mtu. Swali la mapumziko ya motoni linaweza kujibiwa kwa ndiyo au la.



Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa.

Nakala kwa: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, mhubiri wa PPI (kwa mkono, pamoja na pakiti mpya ya krayoni, rangi zote).