Sifa za Sistimu Iliyolala

Pwani, neno sifa lina maana mbili. Moja ni ile ya harusini. Ya pili ni mafuta ya papa, yenye harufu ya kumtoa nyoka pangoni, ambayo mafundi hupaka chombo kisinywe maji. Leo nataka kuipaka zote mbili sistimu ya hoteli moja hapa Diani, hasa inapokuwa imelala.

Mimi nauza samaki. Nawachukua Gazi na Msambweni, nawafikisha mlango wa nyuma wa hoteli kabla jua halijachoma. Zamani mambo yote yalikuwa mizani, daftari lenye jalada jeusi na kijana wa stoo mwenye mwandiko kama nyayo za kaa. Kisha hoteli ikanunua programu ile kubwa inayoshika stoo, manunuzi, hesabu na mishahara kwa mkono mmoja. Ikazinduliwa Desemba, vyumba vimejaa wageni, keki ikakatwa. Kesho yake nikashusha pweza kilo 40.

Aliyeingiza orodha ya bidhaa alikuwa amemwandika pweza kwa kichwa, si kwa kilo. Skrini ikamwuliza kijana: wangapi? Naye, mtiifu, akawapanga sakafuni, akawahesabu mmoja mmoja, akajibu 22. Sistimu ikatazama oda, ikaona 40, ikakata shauri kuwa mzee huyu ana deni la pweza 18. Ankara yangu ikazuiwa mpaka niwalete.

Basi tusifu. Sistimu imenifunza subira. Imenipa marafiki: kwenye benchi la dirisha la hesabu nimejuana na muuza madafu wa Ukunda, na mama wa mananasi wa Shimba Hills ambaye sasa najua majina ya wajukuu zake wote. Imenipunguzia uzito pia, maana chakula cha mchana hunipita nikiwa pale pale.

Lakini hizo ni fadhila ndogo. Fadhila yake kuu ni kubeba lawama, na hapo sijaona mfano wake. Punda hubeba mawe akafika mahali akagoma, sistimu haigomi. Meneja hajatia sahihi? Sistimu. Mhasibu yuko harusini Vanga tangu Alhamisi? Sistimu. Kuku amekauka jikoni? Mpishi ameshaanza kujifunza: sistimu. Zamani mtu akitaka kusingizia ilibidi amwendee jini, na jini ana wenyewe, ana siku zake, anataka ubani na kuku mwekundu. Huyu hataki hata udi. Hana mama wa kumtetea wala chama cha wafanyakazi, na ukimtukana usoni hukutazama tu na kale kaduara kanakozunguka. Ningekuwa na binti wa kuoza ningemwoza kwake, kwa maana hakuna mume atakayekubali makosa yote kwa upole namna ile.

Waingereza, kwa choyo, waliinyima sistimu yao heshima hii. Posta yao ilipoanza kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, mwaka 1999, pesa zikawa zinapungua kwenye skrini bila mtu kuzigusa. Wakubwa wakashikilia kuwa sistimu haikosei, mwizi ni mwenye kaunta. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, mpaka bunge likapitisha sheria ya kuwasafisha mwaka 2024. Kwao sistimu haikuwa na kosa hata moja, kwetu makosa yote ni yake. Funua kauli hizo mbili, utamkuta chini yake bwana yule yule, na tai yake.

Nilipokwenda mara ya tano kudai, binti wa hesabu aliinuka kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Sistimu imelala."

"Marahaba mwanangu. Imelala tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Basi mfunikeni shuka."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini moyoni sikuwa na kicheko. Pweza wale walichokolewa miambani bamvua maji yalipotoka, na watu waliokatwa miguu na matumbawe, na watu hao walitaka pesa yao jioni ile ile. Wavuvi wa Gazi hawana kaduara ka kuzunguka. Niliwalipa kwa karo ya mtoto wa shule. Siku 94 nikisubiri! Na kosa lenyewe lingeonekana kwa kumjaribu pweza mmoja. Mmoja tu, awekwe mizanini, aingizwe, karatasi ichapwe, mtu mwenye akili zake aisome. Walijaribu, naam, ukumbini kwenye kiyoyozi, wakinunua "Bidhaa A" na kupokea "Bidhaa B", sambusa zikipita. Kijana wa stoo hakuitwa. Alikuwa stoo.

Fundi wa mashua, ambaye kompyuta huiona benki tu, hashui chombo kipya kikiwa na abiria. Hukikalafati, hukiacha majini mbao zivimbe, asubuhi hurudi na kata kutazama pameingia maji kiasi gani na wapi. Hershey, wauza chokoleti wakubwa wa Marekani, wangemwajiri. Mwaka 1999 waliibana ratiba, wakawasha programu yao mpya Julai, oda za Halloween ziko mlangoni. Chokoleti za takriban dola milioni 100 hazikuwafikia waliozitaka, ingawa ghalani zilikuwapo. Ghala limejaa, sistimu haioni. Wenzangu wanaouzia serikali hunisikiliza nikilalamika, kisha huniambia neno moja, IFMIS, yaani sistimu ya fedha ya serikali, wakaniacha nione haya. Kaunti ziliingia humo 2013, na ukitaka kumjua mtu mwenye subira mtafute muuzaji anayedai kaunti Juni, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa tarehe 30.

Nilitaka kujua haraka ile ya Desemba ilikuwa ya nini. Mtu mmoja wa ndani akanieleza huku akitazama huku na huku. Mkataba ulisema walioileta programu watamaliziwa pesa zao siku ya uzinduzi. Ya uzinduzi, si siku itakapojua pweza ni nini. Na meneja alihitaji picha ya keki kwa wenye hoteli kabla mwaka haujaisha. Akaongeza jingine, ambalo ndilo lililonikaa rohoni: sehemu ya mishahara ilijaribiwa miezi mitatu mizima, sambamba na vitabu vya zamani, senti kwa senti. Hiyo haijalala hata usiku mmoja. Wala haijalala ile ya kumkata mhudumu sahani iliyovunjika. Kumbe kujaribu wanakujua vizuri sana.

Wiki iliyopita nilishusha pweza tena. Kijana wa stoo akatazama nyuma yake, akainua kibodi, akatoa daftari lenye jalada jeusi. Akapima.

"Kilo 12 na robo, mzee. Tia sahihi hapa."

Juu ya skrini, kwa maandishi mekundu, lilikuwapo jina langu, na wale 18.