Nimelifanyia Usaili Sikio

Mtayarishaji wangu ni kijana wa kisasa. Ukimwambia unataka ukumbi wa usaili, anakutazama kama umemwomba figo. "Mzee, siku hizi usaili ni mtandaoni. Hakuna kulipia ukumbi, hakuna maji ya chupa, hakuna nauli ya mtu." Filamu yenyewe ni fupi, dakika 12 tu, mama mkwe na mkamwana wanagombea nyumba ya urithi kule Tanga. Na hela ya kuitengeneza ni fupi kuliko filamu. Nikanyamaza.

Jamani, hawa wanaosema teknolojia inarahisisha kazi, wao huwa wanafanya kazi gani? Nusu ya usaili inaliwa na salamu. "Shikamoo mzee." Kimya. "Marahaba." Kimya. "Shikamoo mzee, unanisikia?" "Marahaba, nakusikia. Wewe unanisikia?" "Eeh, shikamoo!" Sauti zinachelewa njiani, kwa hiyo kila jibu linafika wakati swali lake limeshapita. Kuna kijana nilimuuliza kama amewahi kuigiza, akaniitikia marahaba. Na mvi ni zangu! Programu yenyewe, kwa sisi tusiolipia, inakupa dakika 40 kisha inawatoa wote nje bila hata kwaheri. Toa salamu, toa "washa kamera", toa "simu ilaze", toa "subiri mzee ninunue bando". Sanaa igawane kilichobaki.

Halafu filamu yangu ni ya ugomvi. Ugomvi wa kwetu hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Mama mkwe hajafika nusu ya tusi, mkamwana kashapanda juu yake, na jirani anaamulia huku akichochea. Mtandao hautaki mambo hayo. Wawili wakisema pamoja, programu inamchagua mmoja na kummeza mwingine. Basi nikashuhudia watu wakigombea nyumba ya marehemu kwa zamu, kwa adabu, kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze. Kilichokosekana ni Spika wa Bunge tu.

Akaja dada mmoja wa Mbagala na kilio. Nawaambia, dada huyu analia! Mabega yanapanda, pua inavimba, machozi ya kweli yanateremka hadi kidevuni. Sauti hamna. Nikagonga simu, nikaongeza sauti mpaka mwisho, hamna. Kumbe programu hizi zimefundwa kupitisha maneno na kuzima kelele, yaani feni, pikipiki, mbwa, na kilio cha binti wa watu zimekiweka kundi hilohilo. Jogoo wa jirani yake, huyo aliwika akapita bila kuulizwa chochote.

Na miguu je? Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo tunakiita TaSUBa, kinafundisha ngoma, maigizo na sarakasi. Mtu aliyepita kule anaigiza kuanzia kisigino. Mimi nilimpata wa kule, ila nilimpata kichwa. Kichwa kizuri, siwezi kukitia kasoro, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikamwomba anitembelee mwendo wa mlevi anayerudi usiku na hataki mkewe amsikie. Akarudi nyuma, akapiga ndoo teke, akatoka kwenye picha. Nikabaki natazama pazia la maua, nasikiliza miguu ikiigiza vizuri sana upande wa jikoni.

Macho nayo ni kesi nyingine. Akinitazama mimi pale kwenye kioo, kamera iko juu, naona kope. Akitazama kamera, haoni mtu. Tumemaliza usaili, tumeagana kwa heshima zote, na hatujawahi kutazamana.

Mtayarishaji akaja na dawa yake. Wajirekodi, watume kwa WhatsApp. Zikaja video zimebanwa hadi watu hawana pua, na zenye pua zimepitishwa kwenye kichujio cha urembo. Nafasi ilikuwa ya kibarua wa shamba la mkonge, mgonjwa wa kifua. Nililetewa vijana wenye mashavu yanayong'aa.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake alimwombea nafasi ya mama mkwe. Simu ikapokewa, skrini ikaingia giza, kisha nywele nyeupe, kisha herini. Bibi amezoea simu, na simu huwekwa sikioni. Nikamwamkia sikio. Sikio likaitikia. Nikalieleza kisa chote cha nyumba ya Tanga, sikio likasikiliza kwa makini, na kwa haki ndiye msikilizaji bora niliyempata wiki nzima. Mjukuu akajaribu kumpokonya simu ili aigeuze, na hapo nikamsikia mama mkwe wangu niliyekuwa namtafuta: "Niache! Nazungumza na mtu mzima mwenzangu, wewe unaninyang'anya! Nyumba ya nani hii?" Nikakaa wima kwenye kiti.

"Bibi, hayohayo maneno, yarudie ukiwa unaitazama simu."

"Nitazame simu ina nini? Mwanangu, kama una shida na mimi, kwangu unapafahamu? Huyu atakuelekeza. Njoo tuzungumze." Akakata.

Nimekwenda. Nafasi ni yake. Mtayarishaji ananiuliza nimetumia vigezo gani, nami nimemjibu kwamba nimemuona mtu akisimama kutoka kwenye mkeka.

Nafasi zilizobaki ni mkamwana, kibarua wa mkonge na jirani mchochezi. Mwalimu mkuu mmoja ameniazima uwanja wa shule na benchi mbili, Jumamosi saa tatu asubuhi. Njooni na miguu yenu. Nauli ya daladala nitarudisha, ya bodaboda hapana.