Mama Sarah wa Kogelo, kuanzia sita kushuka

Mjukuu ana ruhusa ya kumtania nyanya yake, na kwa kuwa Kenya nzima ilijifanya mjukuu wa Sarah Onyango Obama tangu 2008, mjukuu wake Barack alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, nami nachukua fungu langu. Alizaliwa 1922, akafariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021. Miaka 99. Mia aliwaachia wenye tamaa.

6. Usinga
Kabla ya kwenda Washington Januari 2009 kushuhudia mjukuu akiapishwa, ilitangazwa kwamba angempelekea usinga, kigoda cha miguu mitatu na ngao. Wageni wengine walikuwa wakihangaikia tai na viatu. Mama Sarah alijua mtu akishika madaraka anahitaji kitu cha kufukuzia nzi, na Washington, kwa tunavyosikia, nzi hawajawahi kuadimika.

5. Stima
Mjukuu alishinda Novemba 2008, na baada ya siku chache tu nyaya zikafika kijijini. Na polisi wa kulinda boma juu yake. Sisi tulioomba stima kwa barua tukaelewa kilichokosekana kwenye fomu: mjukuu Illinois.

4. Ukoo
Kwa wapenda kuchimba: alikuwa mke wa tatu wa Hussein Onyango, na si yeye aliyemzaa Barack mkubwa, baba wa Rais. Huyo ni wa Akumu, mke mwenzake, aliyeondoka akaacha watoto. Waandishi wa ng'ambo walihangaika kuupanga ukoo huu. Kogelo hakuna aliyehangaika. Mtoto uliyemlisha, ukamwogesha na kumgombeza ni wako, na wanawe watakuja kwako kula. Kesi imefungwa.

3. Chakula cha hotelini
Mwaka 2015 Rais wa Marekani alitua Nairobi, ila Kogelo haikuwezekana. Basi nyanya ndiye aliyefunga safari, wakala pamoja hotelini na jamaa wengine. Hebu jaribu wewe kumwambia nyanya yako akufuate mjini kwa sababu una shughuli nyingi! Deni lililipwa Julai 2018, mjukuu alipofika kijijini kufungua kituo cha Sauti Kuu cha dada yake, Auma. Kufikia hapo alikuwa mstaafu, na mstaafu hana kisingizio.

2. Mazishi
Alifariki Jumatatu, akazikwa Jumanne. Alikuwa Mwislamu, tena aliyehiji Makka 2010, na sheria ya dini ya kuzika haraka ikafuatwa. Lakini hii ni nchi ya Waluo, ambako matanga huweza kula wiki mbili, ng'ombe kadhaa na subira yote ya majirani. Nadhani kuna watu ambao hadi leo wana hotuba mfukoni.

1. Baiskeli
Hapa natania kidogo tu. Mama Sarah hakujua kusoma. Alisimulia mwenyewe kwamba hata ukubwani barua zilimfikia na hakuweza kujua zinasema nini, na hakutaka mtoto yeyote wa nyumba ile aishi hivyo. Barack mkubwa akapandishwa kwenye keria, akapigiwa pedali na Mama Sarah mwenyewe kutoka Kogelo hadi shule ya Ngiya, kama kilomita 9, kila siku. Lami? Usinichekeshe. Mtoto huyo alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii 1959, na 1961 huko Honolulu akazaliwa mwanawe, yule ambaye kwa ajili yake sote tulijifanya jamaa. Kwa hiyo anayesema nyanya huyu aliinuliwa na mjukuu amesoma hesabu kichwa chini. Yatima nao aliwaweka nyumbani mwake, akawatafutia karo, sare na chakula, na baadaye wakfu wenye jina lake ukabeba kazi hiyo.

Mwaka 2014, akiwa na miaka 92, alialikwa New York kupokea tuzo kwa kazi yake ya elimu. Safari hiyo, angalau, mwingine ndiye aliyeendesha.