Kuzirai kwa Miadi

Sisi tukitaka kitenzi kibadilike hukinyoosha kwa ndani, "pita" ikazaa "pitia", "pitisha" na "pitana", na nasaba ikabaki dhahiri. Bali Mwingereza huchukua maneno mawili manyofu, akayafunga pamoja, yakaleta maana ambayo hakuna hata moja kati yake lililopata kuikaribia, sawa na majirani wawili ambao kila mmoja peke yake ni rehema ya mtaa, lakini wakikutana bombani huzuka fitina.

Fitina hiyo ilitufikia Tandika, wilaya ya Temeke, mama wa nyumba ya pili alipopokea simuni ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mwanawe aliyeko Muscat: mdogo wake, kuruta katika kambi ya Ruvu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo tangu mwaka 1963 limekuwa likiwaamsha vijana kabla ya jogoo, Jumamosi ata-"pass out", alhamdulillahi.

Mtarijumani wetu ni karani mstaafu ambaye hukumbatia kwapani kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na kwa taadhima aliyonayo kwa kitabu hicho, hakifungui. Alisoma, akakohoa, akafasiri: kijana atazirai Jumamosi. Mama akauliza, kwa akili iliyostahiki jawabu bora zaidi, mtu huijuaje siku atakayozirai?

"Bi Mkubwa," akasema bila kutahayari, "kuzirai kwa miadi ni kwa namna moja tu, nayo ni nusu kaputi. Kijana anapasuliwa. Hiyo alhamdulillahi ni kwa kuwa daktari amepatikana."

Kufikia alasiri daftari la mchango lilikuwa limezunguka mtaa mzima, na mimi, ambaye dhambi yangu ni unene, nikateuliwa kuwa mtoa damu, nikanyweshwa juisi ya rozela asubuhi na jioni. Jumamosi alfajiri tuliondoka, mama na chupa ya uji, shangazi na kanga za kumfunika mgonjwa, mtarijumani na kamusi yake, tukabanana garini hadi Mbezi, na kutoka Mbezi hadi Mlandizi.

Kambini bendi ilikuwa ikilia, na mgonjwa wetu akirusha mguu katika safu ya mbele kwa siha ambayo sisi wageni hatukuwa nayo. Afande wa langoni akatufahamisha kwamba kwa askari neno lile ni kuhitimu mafunzo. Lile la kuzirai nalo lipo, herufi ni zile zile, na Waingereza hutambua lipi ni lipi kwa kuangalia nani amesimama na nani amelala.

Mtarijumani alisikiliza kwa utulivu, akalitazama jua la saa sita, akawatazama vijana waliosimama wima chini yake, akatuomba tusifanye haraka kumkadhibisha, kwani Jumamosi ilikuwa bado haijaisha.

Mchango uligeuzwa pilau, baada ya mjadala mrefu kama aliyeahidi damu badala ya fedha ana haki ya kuketi kwenye sinia. Nilikula, ingawa halikunitoka hata tone.