Mtaka Gigahezi Sharti Ainame

Kompyuta nyingi za mezani huishi uvunguni mwa meza, kwa hiyo anayetaka kuovakloki prosesa yake, yaani kuikimbiza kupita kasi ya kiwandani, hana budi kuinama kama methali ilivyoagiza. Akishainama atakutana na vumbi, na hapo ndipo kazi inapoanza. Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha ubavuni, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, kisha puliza mpaka mapezi ya kipozaji yaonekane rangi yake ya kiwandani. Wapo watu wanaohangaika kutafuta megahezi 200 za ziada huku mashine yao ikipoteza nyingi kuliko hizo kila siku, kwa kuwa prosesa ikizidiwa na joto hupunguza mwendo yenyewe. Watu hao wakishika brashi watapata kasi bila kugusa namba hata moja.

Usafi ukiisha, jiulize kama mashine yako inakubali. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi zilishatumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Ni mashine imara, lakini madabodi zake zilitengenezwa ili mhasibu apige hesabu zake miaka kumi bila kumsumbua fundi. Unaweza kupekua BIOS yake, yaani menyu ya mipangilio ya madabodi, mpaka alfajiri, na sehemu ya kuongeza kasi ya prosesa usiione, maana haimo. Kwa Intel unahitaji vitu viwili kwa pamoja: prosesa yenye herufi K kwenye jina lake, na madabodi yenye chipseti inayoruhusu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ile ya herufi Z. Kwa AMD mlango ni mpana zaidi: karibu Ryzen zote ziko wazi, mradi madabodi isiwe ya chipseti za herufi A, kama A320 au A520. Kama huna hivyo, usinunue programu ya kuongeza kasi uliyotangaziwa kwenye simu. Programu hizo haziongezi kitu isipokuwa mfuko wa anayeziuza. Hela hiyo nunulia SSD au RAM. Mashine inayosoma kutoka diski ya kuzunguka haiponi kwa prosesa iliyokimbizwa.

Anayeanza namshauri afundishwe na mzee, na mzee ninayempenda ni Core i5-2500K, iliyotoka Januari 2011. Ina viini vinne, inaanzia 3.3 GHz na hupanda yenyewe mpaka 3.7. Kifuniko chake cha chuma kimelehemiwa kwenye silikoni, kwa hiyo joto hutoka ndani upesi. Ikipata madabodi ya P67, Z68 au Z77 na kipozaji kizuri cha hewa, nyingi zake hufika 4.4 au 4.5. Leo inapatikana kwa mtumba kwa bei ambayo ukiiunguza utasikitika, lakini hutakosa kodi ya nyumba. Kasi yake ni hesabu ya darasa la tatu: saa ya msingi ya megahezi 100, mara kizidishi 33. Ile 100 iache kama ilivyo, kwa sababu katika kizazi hiki imefungwa pamoja na saa za PCIe na SATA, na anayeipandisha anazitikisa pia diski zenye kazi zake. Wewe utashughulika na kizidishi.

Ziada unayoitafuta haitoki mbinguni. Kiwanda hutoa maelfu ya vipande vya silikoni visivyofanana, kisha huahidi kasi ambayo hata kilicho dhaifu kitaimudu, ndani ya boksi dogo, katika chumba cha joto, kwa miaka. Kipande chako kikiwa bora kuliko ahadi, tofauti hiyo ni yako. Mfano mkubwa kuliko yote ulikuwa Celeron 300A ya mwaka 1998. Kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5, lakini waliopandisha saa ya msingi kutoka 66 mpaka 100 walipata megahezi 450 badala ya 300, na vipande vingi vilifanya kazi hiyo kwa utulivu. Mtu wa kipato kidogo akaketi mezani na wenye Pentium II ya bei kubwa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika ufundi huu, na ndiyo maana inaniuma kuona umegeuzwa kuwa mashindano ya kupiga picha namba kwenye skrini. Desemba 2022 mabingwa waliivusha Core i9-13900K juu ya 9 GHz kwa kuipoza na heliamu ya kimiminika. Wanastahili heshima zao. Wewe una feni.

Sasa tukae na joto, maana hapa ndipo wanaoanza hupotea. Nguvu inayotumiwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Tuseme 2500K yako inafanya kazi 3.7 GHz kwa volti 1.20, nawe unaitaka 4.5 kwa volti 1.35. Kasi imepanda takriban asilimia 22. Volti imepanda asilimia 12.5, lakini ukiizidisha kwa yenyewe na kuiunganisha na ile kasi, joto la kutolewa limepanda takriban asilimia 54. Ajabu zaidi iko kwenye kipande cha mwisho cha safari: kutoka 4.3 kwa volti 1.27 mpaka 4.5 kwa 1.35 unapata asilimia 5 ya kasi na unalipa asilimia 18 ya joto. Tena hiyo 5 ni ya kwenye karatasi, maana gemu inayosubiri kadi ya grafiki haitaiona kabisa. Anayeikimbilia 4.5 kwa sababu 4.3 haipendezi masikioni ananunua kelele za feni.

Kipozaji cha hewa nacho hakiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Mashine iliyofika nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 kule Nairobi itakaribia 80 ikiletwa kwenye chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam, hata kama hujabadilisha skrubu moja. Kwa hiyo namba za mtu wa Ulaya aliyepima majira ya baridi zisome kwa furaha, kisha uziache kwake. Pima za kwako, na pima kwa programu kama HWiNFO, siyo kwa kuweka kiganja juu ya boksi na kutamka kwamba iko poa. Pesti ya joto ikiwa imekauka ibadilishe: futa ya zamani kwa spiriti, weka tone kama punje ya choroko katikati, kaza kipozaji kwa zamu kona kwa kona. Anayepaka pesti nene mpaka inamwagika kando anazuia lile joto analotaka litoke.

Kabla ya kuingia BIOS, nakili kazi zako kwenye diski ya nje na uichomoe. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Prosesa iliyosukumwa kupita uwezo haizimi tu. Inaweza kukosea hesabu kimyakimya, na kosa hilo likaandikwa ndani ya faili la tasnifu au picha za harusi bila onyo lolote. Halafu angalia umeme. Pawasaplai ya bei ya chee isiyo na jina ndiyo itakayokuangusha kwanza pale prosesa itakapodai ampea zaidi, na umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS madabodi inaweza isiwake tena. UPS hapa si anasa.

Haya, ingia. Utakuta kitufe kinachoahidi kuovakloki kila kitu kwa mbofyo mmoja. Kipite kama hukukiona. Madabodi hutaka mashine iwake kwa gharama yoyote, na gharama hiyo mara nyingi ni volti kubwa kuliko inayohitajika. Ukiacha volti ijiamulie, kosa ni lilelile. Iandike mwenyewe: anza na 1.25, weka kizidishi 40 kwa viini vyote, hifadhi, washa. RAM iache kwenye mwendo wake wa kawaida, ili likitokea tatizo ujue mhusika ni nani. Endesha programu ya majaribio ya Cinebench mfululizo kwa dakika kumi ukitazama joto. Ikipita, 41. Ikipita, 42. Mashine itakapoganda au kukuletea skrini ya buluu, ongeza volti 0.01 au 0.02, ujaribu tena. Kwa 2500K, misimbo 0x124 na 0x101 kwenye skrini hiyo mara nyingi ndiyo namna yake ya kuomba volti. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila ulichobadilisha kiandike kwenye daftari. Mimi nisingevuka 1.35 kwa mashine ya kazi za kila siku, wala nyuzi 80 chini ya mzigo mzito. Ukigonga moja ya kuta hizo mbili, rudi hatua moja nyuma na utosheke.

Kuwaka si kupona. Mashine inaweza kufungua Windows, ikacheza muziki, ikakupa matumaini, kisha ikaanguka dakika ya arobaini ya kurenda video ya mteja. Kwa hiyo ukishachagua kituo chako, iendeshe Prime95 kwa saa kadhaa, ukiwepo. Jaribio hilo huipa prosesa mzigo mkali kuliko kazi nyingi utakazowahi kuipa, na kiini kimoja kikikosea hesabu litakuambia hata kama skrini haijaganda. Kosa moja baada ya saa tano ni kosa. Usilijadili, punguza kizidishi.

Ikigoma kuwaka kabisa, usimwite mtu kwa kilio. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha tumia jampa ya kufuta CMOS, au toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache na kuirudisha. BIOS itasahau yote uliyoiamrisha. Prosesa za siku hizi pia zinajilinda: zikikaribia kikomo chake hujipunguza mwendo, zikizidiwa huzima. Haikuwa hivyo kwa zote zamani. Mwaka 2001 Tom's Hardware walirekodi video wakiondoa kipozaji mashine ikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ikaungua palepale.

Mwenye mashine mpya ana kazi nyingine. Prosesa za miaka hii hutoka kiwandani zikiwa zimeshajisukuma zenyewe karibu na ukingo, na megahezi zilizobaki ni chache. Kwa Ryzen 5000 na zilizofuata, tumia Curve Optimizer kupunguza volti hatua kwa hatua: joto linashuka, na prosesa ikipata nafasi hupanda yenyewe. Nakuomba uiamini njia hiyo hata kama haina namba ya kutamba nayo, kwa sababu ukingo ule umewashinda hata wenye viwanda. Mwaka 2023 Ryzen 7000X3D kadhaa ziliungua kwenye madabodi zake, na AMD ikaweka kikomo cha 1.30 kwa volti ya SoC. Mwaka uliofuata Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa mno na kuchakaa kabla ya wakati, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili.

Ukiridhika, hifadhi mpangilio wako kama profaili ndani ya BIOS. Kwa walio Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kilichofaulu Julai kijaribiwe tena Februari, madirisha yakiwa wazi na feni ya dari ikisukuma hewa ya moto. Kizidishi 44 kikikwama, rudisha 43. Kisha bandika karatasi upande wa ndani wa kifuniko: tarehe, kizidishi, volti, joto la juu kabisa ulilopima na joto la chumba siku hiyo. Ukija kuiuza mashine, atakayeinunua ana haki ya kujua ilivyokimbizwa.